Laptopu, amplifaya na DAC ya laki tisa na nusu

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina laptopu ya Windows, amplifaya ya stirio ya zamani yenye matundu ya PHONO, CD, TUNER na AUX, na spika mbili za mbao za kuweka kwenye rafu. Nimeunganisha kwa waya wa kawaida: upande mmoja pini ya hedifoni, upande wa pili pini mbili, nyekundu na nyeupe. Runinga na king'amuzi cha dishi navyo vimeingia kwenye amplifaya hiyohiyo. Muziki unasikika, ila kuna mvumo wa "mmmm" hata wimbo ukisimama, na besi inanguruma mno, hasa nikikaa kwenye kochi la ukutani. Muuzaji ananishauri ninunue DAC ya shilingi 950,000, waya wa USB wa 180,000 na kisafisha umeme cha 400,000. Nitasikia tofauti kweli? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Kwa hali uliyoieleza, hapana. Si kwamba DAC ni utapeli. Ni kifaa halali kinachogeuza namba za kompyuta kuwa umeme wa sauti, na zipo nyumba ambako inafanya kazi ya maana. Nitazitaja huko mbele. Ila wewe umetaja magonjwa mawili, mvumo na besi inayonguruma, na katika vitu vitatu ulivyotajiwa dukani hakuna hata kimoja kinachotibu lolote kati ya hayo. Utalipa milioni moja na nusu na ushee, utafika nyumbani, utaunganisha, na "mmmm" itakukaribisha.

Tuanze na mvumo, maana ndio unaowafungulisha watu pochi.

Kabla ya kununua hata pini, fanya jaribio la dakika tano. Washa amplifaya, chagua AUX, simamisha wimbo, pandisha sauti mpaka mvumo usikike wazi. Chomoa chaja ya laptopu ili itumie betri yake. Sikiliza. Rudisha chaja. Halafu zima king'amuzi kwenye swichi ya ukutani, kisha fungua ule waya mnene wa dishi unaofungwa kwa kuzungusha nyuma yake. Kukizima ni lazima: waya huo hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi), na ukigusanisha uzi wa katikati na ganda la nje unaweza kukiua. Sikiliza tena.

Mvumo ukifa ulipochomoa chaja au ulipofungua dishi, umeshampata mhalifu: ni mzunguko wa ethi, ule uzi wa kwenda ardhini. Njia yake ni hii. Chaja ya laptopu yenye plagi ya miguu mitatu mara nyingi huunganisha ethi ya nyumba na bodi ya laptopu, yaani mwili wake wa chuma. Kutoka hapo ethi inaingia kwenye ganda la waya wa sauti, inafika kwenye bodi ya amplifaya, inatoka kwa waya wa runinga, inapita king'amuzi, inapanda na waya wa dishi hadi kwenye bomba lililofungwa juu ya bati au ukutani. Sasa una ethi mbili, ya soketi na ya dishi, na ni nadra sana zikalingana. Tofauti ndogo iliyopo kati yake inasukuma mkondo wa 50 Hz, na mkondo huo unapita palepale panapopita muziki: kwenye ganda la waya wako. Chukulia ganda lina ukinzani wa omu 0.1 na mkondo ni miliampia 10. Hiyo ni milivolti 1. Inaonekana si kitu, lakini muziki wenyewe ukiwa juu kabisa ni kama volti 1, kwa hiyo mvumo uko desibeli 60 tu (mara elfu moja) chini yake. Usiku nyumba ikitulia, unausikia ukiwa mlangoni.

Hapa ndipo ushauri wa dukani unapokwama. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne: mbili za data, moja ya volti 5 na moja ya ethi, pamoja na ganda la nje. Ukiweka DAC katikati, ethi ya laptopu inapita kwenye uzi huo, inaingia kwenye DAC, inatokea kwenye RCA (zile pini nyekundu na nyeupe), inafika kwenye amplifaya. Mzunguko ni uleule, umeurefusha tu. Zipo DAC chache zenye kizuizi cha ndani kinachotenganisha ethi ya USB na ethi ya sauti, lakini bei kubwa si ushahidi kwamba kimo. Kama hakikuandikwa kwenye karatasi ya sifa zake, hesabu hakimo.

Tiba zipo, na karibu zote hazifiki sehemu ya ishirini ya bei ya DAC hiyo.

Jaribu kwanza kuchomeka laptopu, runinga na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Pale ambapo vifaa vilikuwa kwenye soketi za kuta tofauti, hii peke yake humaliza kazi. Kwako, kwa sababu ya dishi, huenda ikapunguza tu.

Inayofuata ni transfoma ndogo ya kutenganisha, ile wanayotumia mafundi wa redio za magari: kiboksi chenye RCA mbili za kuingia na mbili za kutoka. Ndani mna transfoma mbili za uwiano wa 1:1, aghalabu omu 600 kwa 600. Muziki unavuka kwa sumaku, ethi haina daraja. Iweke kwenye waya wa runinga, usiiweke kwenye waya wa laptopu. Mzunguko ukikatwa popote umekatika, na vile viboksi vya bei ndogo vina kasoro moja: chuma chake ni kidogo, besi ikija na nguvu kinajaa sumaku na sauti inakwaruza, na chini ya 50 Hz hivi sauti inaanza kupungua. Taarifa ya habari haipotezi kitu kwa kasoro hiyo. Muziki unapoteza. Ukilazimika kuiweka upande wa laptopu, punguza sauti ya laptopu kwa nusu, halafu ongeza kwenye amplifaya. Transfoma ikibeba umeme mdogo, haikwaruzi kirahisi.

Kama runinga yako ina tundu la optiki, lile linalotoa taa nyekundu (mtindo ulioanzishwa na Toshiba mwaka 1983), unaweza kununua kigeuzi kidogo cha optiki kwenda RCA na kukichomeka kwenye amplifaya. Mwanga haubebi ethi, basi mzunguko unakufa. Kichekesho ni kwamba kiboksi hicho nacho ni DAC, tena ya bei ya chini kabisa, na kwa kazi hii kinaishinda ile ya laki tisa na nusu.

Kipokezi cha Bluetooth nacho hukata mzunguko kabisa, mradi kichomekwe kwenye chaja yake ya simu na si kwenye USB ya laptopu. Kodeki yake ya msingi (njia ya kubana sauti), SBC, hufika takriban kilobiti 328 kwa sekunde, na kwa muziki wa sebuleni inatosha zaidi ya wanavyokiri wauzaji. Ubaya wake ni kuchelewa: sauti hufika sehemu ya tano ya sekunde baadaye, wakati mwingine zaidi. Kwenye filamu midomo na maneno vinaachana, ingawa programu nyingi za kuchezea video hujirekebisha zenyewe.

Kuna na kitenganishi cha USB. Vingi vya bei nafuu vimejengwa juu ya chipu ya ADuM4160, ambayo mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde. Hiyo inatosha muziki wa biti 24 kwa 96 kHz, ambao ni wa ubora wa juu kuliko CD, lakini DAC inayodai mwendo wa juu wa USB 2.0 inaweza kukataa kabisa kuwaka ikipitishwa hapo. Mnunuzi hurudi dukani akisema kimeharibika, kumbe hakijaharibika.

Jambo moja usilifanye hata ukishauriwa na nani: kukata mguu wa ethi kwenye plagi, au kuuziba kwa nailoni. Mvumo utaondoka, ni kweli. Siku uzi wa moto ukigusa bodi ya chuma ndani, njia pekee ya kurudi ardhini itakuwa mkono wako.

Kama mvumo haubadiliki kwa chaja wala kwa dishi, chomoa kila kitu nyuma ya amplifaya, ubakize spika tu. Ukiendelea kuvuma, ugonjwa uko ndani ya amplifaya, na mara nyingi ni kapasita kubwa za kuchujia umeme zilizokauka kwa umri. Mvumo wa namna hii ni wa 100 Hz, mkali kidogo kuliko ule wa ethi, kwa sababu unatoka baada ya umeme kunyooshwa. Fundi mzuri hubadilisha kapasita hizo kwa zenye mikrofaradi zilezile au zaidi kidogo, na volti sawa au juu zaidi. Mvumo ukinyamaza ulipochomoa waya wa laptopu tu, kagua waya wenyewe, hasa shingo ya pini ya hedifoni. Ganda likikatika pale, unapata mvumo, au unapata kituko kingine: sauti ya mwimbaji inatoweka, vinanda na mwangwi vinabaki kama karaoke. Ethi ikikosekana, spika mbili zinapiga tofauti kati ya kushoto na kulia, na mwimbaji aliyerekodiwa katikati anajifuta mwenyewe. Kituko hichohicho kinawapata wanaotumia waya wa kamera za zamani wenye pini ya njano. Pini yake ya hedifoni ina pete tatu nyeusi badala ya mbili, na mpangilio wake wa ndani si wa laptopu.

Ikiwa unachosikia si "mmmm" bali "zzi-zzi" inayobadilika ukisogeza kipanya au ukifungua ukurasa wenye picha nyingi, huo ni uchafu wa umeme wa ndani ya laptopu. Ukiondoka kwa kuchomoa chaja, bado ni suala la ethi na tiba ni zilezile. Ukibaki hata kwenye betri, basi chipu ya sauti imekaa vibaya kwenye bodi ya saketi, na hapo ndipo DAC ya nje inastahili pesa. Lakini DAC ipi?

Apple huuza adapta ya USB-C kwenda tundu la hedifoni kwa dola 9 nchini Marekani. Ndani yake mna DAC kamili. Inatoa karibu volti 1 (toleo la Ulaya hutoa takriban nusu yake), inafanya kazi kwenye Windows bila draiva yoyote, na makosa yake ni madogo kuliko ya spika yoyote unayoweza kuinunua. Iweke mezani kama mizani: DAC ya laki tisa na nusu inatakiwa ikuonyeshe inaizidi nini hii. Mara nyingi majibu ni haya: inatoa volti 2 badala ya 1, yaani desibeli 6 zaidi, ambazo unazipata bure kwa kuzungusha nobu ya amplifaya kidogo, ina matundu mengi, ina rimoti, ina boksi la alumini. Hayo yana thamani kwa anayeyahitaji. Uzuri wa muziki haumo humo.

Linganisha tarakimu. DAC ya kawaida ya siku hizi hupotosha sauti kwa takriban asilimia 0.001 hadi 0.01, na kati ya 20 Hz na 20 kHz mstari wake, yaani usawa wa sauti kutoka besi hadi ya juu, unapanda au kushuka kwa sehemu ndogo ya desibeli moja. Spika nzuri ya rafuni ikipigwa kwa nguvu hupotosha besi kwa asilimia 1 na zaidi, na mstari wake hucheza desibeli 3 juu na chini. Chumba chenyewe, chini ya 200 Hz, hucheza desibeli 10 hadi 15 bila aibu. Kuboresha DAC ukiwa na chumba hicho ni kutwanga maji kwenye kinu.

Utaambiwa pia kuhusu muziki wa biti 24 na 192 kHz. Mfumo wa CD, biti 16 kwa 44.1 kHz, unabeba nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya kimya na sauti kubwa kabisa. Mwaka 2007, katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani, E. Brad Meyer na David R. Moran walichapisha jaribio la kupitisha rekodi za ubora wa juu kwenye mfumo wa CD na kuwauliza wasikilizaji watambue ni wakati gani umewekwa. Katika majaribio 554, walipatia 276, sawa na kurusha sarafu. Uchambuzi wa Joshua Reiss wa mwaka 2016 uliounganisha tafiti 18 ulipata tofauti ndogo, kama asilimia 52 ya majibu sahihi, na waliofundishwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo siwezi kusema tofauti haipo kabisa. Ninachosema ni kwamba haiwezi kuwa ya kwanza kwenye orodha ya mtu ambaye dishi lake linavuma kwenye spika.

Chanzo cha muziki ni muhimu kuliko hayo yote, tena kinasahaulika. Faili la MP3 la kilobiti 128 lililonyofolewa kwenye video halifufuki kwa kifaa chochote, wala halipati uhai kwa kugeuzwa kuwa FLAC. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya muziki uweke ubora wa juu kabisa, ukiangalia bando: kilobiti 320 hula megabaiti 144 kwa saa, na CD isiyobanwa hula 635. FLAC hubana hiyo ya mwisho hadi karibu nusu bila kupoteza kitu.

Sasa waya wa USB wa 180,000. Kinachopita mle ni namba kwenye vifurushi, na kila kifurushi kina hesabu ya kujihakiki. Wauzaji hupenda kusema kwamba sauti kwenye USB haitumwi upya ikikosewa, na hilo ni kweli. Ila matokeo ya kosa ni mlio wa "tk" au kimya cha ghafla. Namba zikikosewa hazipunguzi utamu wa besi wala hazifungui sauti ya juu. Muziki ukienda saa nzima bila "tk", waya wako umemaliza kazi yote ambayo waya unaweza kufanya. Na hata "tk" zikiwepo, mara nyingi chanzo ni kompyuta: zima hali ya kuokoa betri, chomeka moja kwa moja kwenye laptopu badala ya kupitia kigawanyio cha USB, badilisha tundu, sasisha draiva ya Wi-Fi. Waya wa printa unafaa. USB 2.0 inaruhusu mpaka mita 5. Baki chini ya 3 uwe na amani.

Habari za saa ya DAC kuyumba, zinazotumika sana kuuzia nyaya hizi, zilikwisha kupata jibu. DAC nyingi za USB za siku hizi huendesha mwendo kwa saa yake ya ndani na kuiambia kompyuta ilete data haraka au polepole. Waya hauna usemi katika hilo.

Na kisafisha umeme? Amplifaya ina transfoma, diodi na kapasita ambazo kazi yake ni kuugeuza umeme wa ukutani kuwa wa moja kwa moja na kuuchuja. Mzunguko wa ethi haupiti kwenye nyaya ambazo kisafishaji kinazisafisha. Unachohitaji kweli ni kile kilinzi cha kawaida cha runinga au friji, kinachokata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi na kusubiri dakika chache baada ya umeme kurudi. Hakiboreshi sauti hata kidogo. Kinazuia amplifaya isife. Kama nyumba inatumia sola, hakikisha inveta ni ya wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi hufanya transfoma inung'unike, na kelele yake huingia hadi kwenye spika.

Turudi kwa waya ulionao. Uko sahihi, ila hakikisha mambo machache. Pini mbili ziwe kwenye AUX au CD, kamwe zisiwe PHONO. Tundu hilo limetengenezwa kwa santuri, linakuza kwa takriban desibeli 40 na kuongeza besi kwa makusudi. Kama kwa bahati mbaya ndipo ulipochomeka, tumepata sehemu kubwa ya ngurumo yako bila senti. Urefu wa waya usikupe hofu: mita 5 za waya wenye pikofaradi 100 kwa mita, ukisukumwa na chanzo cha omu 100, huanza kukata kwenye 3 MHz, mbali mno na masikio ya binadamu yeyote. Unganisha vifaa vikiwa vimezimwa, kwa sababu pini ya katikati ya RCA hugusa kabla ya ganda. Chaja ya miguu miwili inavujisha umeme kidogo kwenye bodi, ule unaokutekenya ukigusa laptopu ya chuma ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji, na wakati huo mfupi umeme wote huo unaingia kwenye AUX.

Kwenye Windows bonyeza kulia alama ya spika, ingia mipangilio ya sauti, chagua tundu la hedifoni, zima maboresho yote ya sauti, weka biti 24 na 48,000 Hz. Sauti ya laptopu iwe 100, na nobu ya amplifaya ndiyo ifanye kazi ya kupandisha na kushusha. Sehemu za juu za wimbo zikikwaruza, shusha laptopu hadi 80. Watu wengi hufanya kinyume, laptopu 30 na amplifaya karibu mwisho, kisha wanalalamika kuna mchirizi wa "shhh".

Besi inayonguruma ni mali ya chumba. Mawimbi ya besi hugonga ukuta, hurudi, na kwenye masafa fulani hujumlishana. Urefu wa mita 4 huvimbisha karibu 43 Hz, mita 3 huvimbisha 57 Hz. Chumba cha mita 3 kwa 3 ni kibaya zaidi kwa sababu pande zote mbili huvimbisha sauti ileile. Uvimbe ni mkubwa kabisa ukutani, na kochi lako liko hapohapo. Livute mbele, hata sentimita 50 hadi 80, usikilize wimbo uleule. Spika nazo zitoe kwenye kona na kwenye matundu ya kabati la runinga. Boksi ndani ya boksi ni ngoma. Ziwe na umbali sawa kati yake na kati ya kila moja na kichwa chako, kama mafiga matatu, twita (ile spika ndogo ya sauti za juu) ikiwa usawa wa sikio la aliyekaa, karibu mita moja kutoka sakafuni. Zulia nene mbele ya spika na pazia zito hupunguza ukali wa vigae na kuta za saruji, ingawa kwa besi havisaidii kitu.

Kagua na nyaya za spika, nyekundu kwa nyekundu pande zote. Moja ikigeuzwa, besi inajifuta katikati ya chumba na kujaa kwenye kuta. Kama rangi zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya wa spika, chanya kwa unaodhani ni chanya: koni ya wufa (ile spika kubwa ya besi) ikiruka nje, umepatia. Unene wa milimita za mraba 1.5 unatosha mita 5. Kwa mita 10 tumia 2.5, ambayo hata kwa safari ya kwenda na kurudi ina omu 0.14 tu na inapoteza desibeli 0.15 kwa spika ya omu 8. Waya wa taa wa shaba, ule wa nyuzi nyingi laini, unafanya kazi hiyo sawasawa.

Kinachobaki baada ya kusogeza samani, kipunguze kwa programu ya bure ya Equalizer APO kwenye Windows. Tafuta sauti inayovimba kwa kupiga toni moja moja kutoka 30 hadi 120 Hz, kisha ishushe desibeli 4 hadi 8 kwa kichujio chembamba. Usijaribu kupandisha sehemu ambazo sauti imezama, utaichosha amplifaya bure.

Ukimaliza hayo yote na bado una ile 1,530,000 inakuwasha mfukoni, kidogo kiende kwenye kapasita za amplifaya kama zimechoka, na kilichobaki chote kiende kwenye spika. Waliofaa kununua kifaa ghali cha kompyuta ni wengine: mwenye hedifoni za omu 300 zinazotaka volti nyingi, au anayerekodi kwaya nyumbani na kuhitaji kifaa cha maikrofoni chenye matundu ya kutolea sauti ya nyaya tatu kwenda kwenye spika za studio zenye amplifaya ndani. Nyaya hizo za mizani (balanced) hufuta mvumo wa ethi zenyewe, na kifaa hicho ni DAC tayari.

Muuzaji akikubali kukuazima DAC kwa siku mbili, ichukue. Iweke kwenye CD, adapta ya bei rahisi kwenye AUX. Kwa kila chanzo, piga toni ya 100 Hz na kupima volti za AC kwenye matundu ya spika kwa maltimita. Rekebisha sauti mpaka zipishane chini ya asilimia 2, kwa sababu kinachopiga juu kidogo huonekana kizuri hata kama ni kibaya. Kisha mtu mwingine azungushe swichi kwa kurusha sarafu, wewe ukiwa umegeukia ukuta, mara 16. Kwa kubahatisha tu, kupatia 12 au zaidi hutokea chini ya mara 4 kwa 100. Ukifika 12, inunue.